Tembo wa Tabora na Rangi Yake

Dhahabu safi haifubai. Izike ardhini karne nzima, uifukue, utaikuta inang'aa vilevile. Mbona basi sarafu ya dhahabu ya rupia 15, iliyopigwa Tabora mwaka 1916, huonekana na wekundu kwenye mikunjo ya tembo wake na uhudhurungi pembezoni mwa herufi?

Mwaka ule Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imewabana Wajerumani waliotawala Afrika Mashariki ya Kijerumani. Manowari za Waingereza zilifunga bahari, rupia mpya hazikuweza kufika kutoka Ulaya, na noti za dharura watu hawakuziamini. Tabora, mji wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji, uliozoea kulipana kwa shanga, merikani na masango ya shaba, ukaanza kufua fedha yake wenyewe. Reli ya Kati ilikuwa imeufikia mwaka 1912, na karakana ya reli ndiyo iliyogeuzwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ililetwa kutoka mgodi wa Sekenke, Iramba.

Wanaoandika juu ya sarafu hii humtaja sonara wa Kisinhala, mtu wa Ceylon, kuwa ndiye aliyechonga mihuri yake. Kazi hiyo si ya mwenye haraka. Kila kitakachoinuka juu ya sarafu sharti kichimbwe ndani ya chuma, na kila herufi iandikwe kinyume. Tazama kwa kioo cha kukuzia: mkonga umeinuliwa, milima iko nyuma, na chini ipo herufi T ya Tabora. Geuza upande wa tai. Katika sarafu nyingine, ncha ya nakshi inaishia chini ya herufi A ya neno OSTAFRIKA. Katika nyingine, chini ya T. Muhuri mmoja haukutosha, na mkono wa binadamu haurudii mchoro uleule mara mbili. Mimi tofauti hiyo naipenda kuliko usawa wote wa viwanda vya Ulaya.

Sasa turudi kwenye rangi. Sarafu hii ina uzito wa gramu 7.168, na dhahabu yake ni ya karati 18, yaani robo tatu tu. Robo iliyobaki, karibu gramu 1.8, ni shaba na fedha. Hizo ndizo zinazobadilika. Shaba hushikana na oksijeni ikawa nyekundu, kisha hudhurungi. Fedha hushikana na salfa iliyo hewani ikawa nyeusi. Mahali ambapo madini hayakukorogeka sawasawa chunguni, doa la shaba hujitokeza peke yake. Pauni ya dhahabu ya Uingereza, yenye karati 22, haibadiliki sana hivyo kwa kuwa mchanganyiko wake ni haba.

Kuna jambo jingine ambalo masonara wanalijua vizuri. Dhahabu ya mchanganyiko ikipashwa moto kisha ikasafishwa kwa asidi, shaba ya juu huondoka na kuacha ngozi nyembamba yenye dhahabu nyingi. Ngozi hiyo ikisuguliwa na vidole na mifuko, sehemu zilizoinuka huanza kuonyesha rangi ya ndani, ilhali mabonde hubaki na rangi yake ya kwanza. Kwa hiyo rangi ya sarafu kongwe huonyesha jinsi madini yalivyochanganywa na jinsi sarafu ilivyopita mikononi mwa watu.

Zilipigwa sarafu 16,198 tu. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora, na kazi ikakoma.

Kama nyumbani kwenu ipo moja, tafadhali usiisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya kung'arishia shaba, na usiitoboe kuwa kidani. Ishike ukingoni, usiifunge kwa mpira kwa kuwa una salfa, na usiiweke kwenye plastiki laini. Ikishasuguliwa, ngozi ile hairudi.