Eldoret hadi Nairobi: Umbali Mmoja, Muda wa Aina Mbili

Mkazi wa mtaa wa West Indies mjini Eldoret anayetaka kuunganisha ndege Nairobi huhitaji namba mbili: umbali na muda. Ya kwanza anaweza kuipata mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Ya pili inahitaji uangalifu zaidi.

Tuanze na umbali. Uwanja wa Ndege wa Eldoret uko digrii 0 na dakika 24 kaskazini mwa Ikweta, ilhali Uwanja wa Jomo Kenyatta (JKIA) wa Nairobi uko digrii 1 na dakika 19 kusini mwake. Kwa kuwa Ikweta inapita katikati yao, tunajumlisha na kupata dakika 103. Kutoka magharibi kwenda mashariki, tofauti ni dakika 101. Hizi ni dakika za pembe, si za saa, na kila moja ni takriban maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Kanuni ya Pythagoras inamaliza kazi: 103 kipeo cha pili, ongeza 101 kipeo cha pili, kisha tafuta kipeuo. Jibu ni maili 144, sawa na kilomita 267 hivi.

Njia hii fupi inafaa kwetu kwa sababu tuko jirani na Ikweta, ambako digrii moja ya longitudo ina takriban kilomita 111, sawa na ya latitudo. London, digrii hiyo imepungua hadi kilomita 69. Anayepima safari ya London hadi Paris lazima azingatie upungufu huo, la sivyo atapata umbali usiokuwepo.

Sasa muda. Ndege ya mapangaboi aina ya Dash 8-400 hukaribia kilomita 650 kwa saa ikishatulia angani. Ukigawanya, unapata dakika 25. Lakini ratiba hutenga karibu saa moja, na ratiba ndiyo yenye ukweli. Muda wake huanza ndege inapoondoka ilipoegeshwa na kuisha inapoegeshwa tena. Ndani yake kuna kutembea ardhini, kusubiri ruhusa, kupanda, kuzunguka ili kujipanga na njia ya kutua, na kushuka polepole. Katika safari fupi kama hii, ndege haikai sana kwenye mwendo wake wa juu.

Ndiyo maana kuongeza umbali mara mbili hakuongezi muda mara mbili. Kazi ya kuondoka na kutua hubaki takriban ileile, uende kilomita 267 au 2,000. Kinachorefuka ni kipande cha katikati.

Basi msafiri asipange kuunganisha ndege kwa kugawanya umbali kwa mwendo. Achukue saa ya kufika iliyo kwenye ratiba, aongeze muda wa mizigo, ukaguzi na kuhama jengo, kisha ndipo anunue tiketi ya pili.