Taharuki na Maana katika Mwanzo wa Filamu ya M

Katika uhakiki wetu, taharuki imezoeleka kutajwa sambamba na tashbihi na takriri, kana kwamba ni pambo mojawapo la fani. Mwanafunzi huandika ya kwamba kazi fulani ina taharuki, kisha akafungua ukurasa mwingine kuzungumzia dhamira. Makala haya yanakusudia kuonyesha ya kwamba mgawanyo huo haufai, na kwamba taharuki yaweza kuwa ndiyo njia ambayo kwayo maana hujengwa. Mfano wetu hautoki katika riwaya bali katika sinema: maonyesho ya mwanzo ya M, filamu ya Kijerumani iliyoongozwa na Fritz Lang na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin mwaka 1931. Hii ilikuwa filamu ya kwanza ya Lang yenye sauti, na jambo hilo, kama tutakavyoona, ni msingi wa usanii wake.

Kisa ni chepesi kukisimulia. Mjini Berlin kuna mtu anayewaua watoto, naye hajulikani. Filamu inaanza gizani: kabla ya picha yoyote twasikia sauti ya mtoto. Picha inapotokea, twawaona watoto uani wamesimama duara, wakiimba wimbo wa mchezo ambamo mtu mwovu anakuja, na kila anayeangukiwa na neno la mwisho hutoka mchezoni. Mwanamke aliyebeba kapu la nguo anawakemea waache wimbo huo. Wananyamaza, akishaondoka, wanaanza tena.

Mwanamke huyo anapanda ngazi na kumlalamikia mama yake Elsie, ambaye kazi yake ni kufua nguo. Jibu la mama huyu ndilo ufunguo wa filamu nzima. Anasema, kwa maneno mengine, ya kwamba maadamu watoto wanasikika wakiimba, twajua ya kuwa wapo. Tangu hapo mtazamaji amekwisha kufundishwa kanuni: sauti ni uhai, kimya ni mauti. Mama ameitamka kanuni hiyo kwa kujifariji, asijue kwamba ndiyo itakayomhukumu.

Saa ya ukutani inapiga saa sita mchana. Mama anatabasamu na kuandaa meza. Elsie anatoka shuleni. Gari linapita karibu, na askari anamvusha barabara. Sheria, basi, ipo na inafanya kazi yake, lakini inamkinga mtoto na hatari inayoonekana tu. Elsie anaendelea na safari yake akidundisha mpira, kisha anaupiga kwenye nguzo ya matangazo. Pale pamebandikwa tangazo linaloahidi marka 10,000 kwa atakayemfichua mwuaji. Juu ya maandishi hayo kinatua kivuli cha mtu mwenye kofia, nacho kinamsifia mtoto mpira wake kwa sauti ya upole.

Hapa yafaa tulinganishe na ngano zetu. Zimwi la ngano lina umbo, na msikilizaji hulitambua mara moja. Hata methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha yachukulia kuwa baina ya zimwi na mtu pana kujuana. Zimwi la Lang halina umbo. Lina kivuli, mluzi, na fedha za kumnunulia mtoto puto kwa mwuzaji kipofu. Uso wake tunanyimwa. Na kwa kuwa hana uso, uso wowote waweza kuwa wake.

Lipo tukio dogo ambalo ni rahisi kulipuuza. Mlango wa mama unagongwa. Anakimbilia kufungua akidhani ni mwanawe, kumbe ni mchuuzi aletaye sehemu mpya ya hadithi ya kusisimua inayouzwa kwa vipande. Mama anainunua, kisha anamwuliza mchuuzi kama amemwona Elsie. Kejeli iliyopo hapa ni kali. Taharuki imeletwa mlangoni kama bidhaa, kwa mtu ambaye tayari ameanza kuteswa na taharuki ya kweli. Nasi tuliolipa kiingilio twajikuta tumesimama upande wa wanunuzi.

Kisha mama anaita jina la mwanawe. Mtambo wa picha haumfuati mtoto. Unatuonyesha ngazi tupu, dari tupu lenye nguo zilizoanikwa, na sahani isiyoguswa mezani, huku jina likiendelea kuitwa. Kisarufi, wito wadai jibu; hapa jibu linatolewa na vitu. Mpira unabingirika kutoka kichakani na kusimama. Puto linanasa katika nyaya, likatikisika, likapeperuka. Hatukuonyeshwa tone la damu, lakini hakuna mtazamaji asiyejua lililotendeka. Mauaji yametendeka ndani ya akili yetu, kwa kutumia kanuni tuliyofundishwa na mama mwenyewe.

Siegfried Kracauer, katika kitabu chake cha mwaka 1947, aliisoma sinema ya Ujerumani ya miaka ile kama dalili za nafsi ya taifa lililokuwa likielekea kwa Hitler. Usomaji huo una uzito wake, ila unaanza na historia ndipo uifikie filamu. Sisi twapendelea kuanza na kile ambacho mwanzo unamtenda mtazamaji aliyeketi kitini. Unampa hofu isiyo na mahali pa kutua, na hofu ya namna hiyo hutafuta mtu. Ndiyo maana, punde baadaye, mzee aliyezungumza na mtoto njiani anazingirwa na umati. Mtazamaji anaushangaa umati huo, ilhali yeye mwenyewe amekuwa akimtazama kila mwanamume kwa jicho lile lile. Na wahalifu wanapomkamata mwuaji na kumfanyia mahakama yao, anapolia ya kwamba hawezi kujizuia, kiu yetu ya kisasi ndiyo inayohojiwa.

Kasoro ipo. Baada ya kumtumia mama yake Elsie kuiwasha hofu hiyo, filamu inamwacha kwa muda mrefu na kushughulika na polisi na wahalifu. Anarejea mwishoni tu, katika mavazi ya msiba, kusema kwamba hukumu haitawarudisha watoto. Twaona kwamba huzuni yake ilistahili nafasi kubwa zaidi.

Hata hivyo, hoja yetu inasimama. Ukiiondoa taharuki katika mwanzo wa M, hubaki na dhamira iliyovuliwa pambo. Hubaki na habari ya gazeti. Tunapowafundisha wanafunzi wetu, basi, tusiwaulize kama kazi ina taharuki. Tuwaulize taharuki hiyo imewafanya wamshuku nani, na kwa haki gani.