Bonde Lililojaa Ngano

Mwaka 1825 Samuel Palmer, kijana Mwingereza wa miaka 20, alichora picha 6 za mashamba na vilima kwa wino na rangi ya kahawia iliyochanganywa na gundi ya mgunga, kisha akazipaka vanishi. Zote zimehifadhiwa katika jumba la Ashmolean, mjini Oxford. Moja yaitwa The Valley Thick with Corn, yaani Bonde Lililojaa Ngano, jina lililotoka katika Zaburi ya 65. Ukubwa wake ni kama kitabu kilichofunuliwa.

Sisi tufundishao watoto kuchora twawaambia kila siku: kilicho mbali kiwe kidogo na hafifu. Palmer hakuijali kanuni hiyo. Vilima vyake vimeviringana kama mikate, tena vimebanana, na miti iliyo mbali yaonekana wazi karibu sawa na masuke yaliyo mbele. Juu yao umetoka mwezi mpevu. Mwanafunzi wetu angalipata alama chache kwa kazi ya namna hii, na labda sisi ndio tungalikosa, maana jicho haliondoki upesi hapo. Hapana nafasi tupu. Bonde zima limejaa kama ghala baada ya mavuno.

Katikati ya ngano hiyo mtu amejinyosha, asoma kitabu. Twauliza: ni nani aliyeifunga miganda iliyo karibu naye? Jasho lake halimo. Baadaye Palmer alikaa miaka kadhaa Shoreham, kijiji cha Kent; na huko Kent, mwaka 1830, vibarua wa mashamba walivunja mashine za kupuria na kuchoma malundo ya nafaka, kwa kuwa mashine ziliwaondolea kazi ya majira ya baridi, na ujira wao haukutosha chakula. Naye Palmer, mwaka 1832, akaandika kijitabu cha kuwaonya wapiga kura wa West Kent juu ya watu waliotaka mageuzi.

Wako watakaosema kwamba basi picha ni uwongo. Hatukubali. Kijana yule hakuandika habari za mashamba. Alichora zaburi, na zaburi husifu shibe hata siku ya njaa. Twamlaumu yule mtu mzima wa miaka 27, ambaye, kwa maoni yetu, aliisoma zaburi yake kana kwamba ni taarifa, akawaogopa wenye njaa waliokuwa jirani zake. Picha twaipenda, kijitabu hatukipendi.