Raia na Mtu katika Rekebisho la 14 la Katiba ya Marekani

Katiba za mataifa husomwa na mawakili, na ni nadra kusomwa na wahakiki wa lugha. Hata hivyo fungu la kwanza la Rekebisho la 14 la Katiba ya Marekani, lililothibitishwa mwaka 1868, ladai usomaji wa namna hii ya pili, kwa kuwa nguvu yake imo katika majina mawili: raia na mtu.

Fungu hilo lina sentensi mbili tu. Ya kwanza yaanza na watu na kuwafanya raia: wote waliozaliwa Marekani au kupewa uraia huko, nao wakawa chini ya mamlaka ya nchi hiyo. Ilitungwa ili kuifuta hukumu ya Jaji Mkuu Roger Taney, aliyeamua mwaka 1857, katika shauri la Dred Scott, ya kwamba watu wa asili ya Kiafrika, wawe watumwa au waungwana, hawawezi kuwa raia wa Marekani. Sentensi ya pili yaenda kinyume. Yaanza na raia, ambao majimbo yamekatazwa kupunguza haki zao. Kisha, katikati ya mwendo, yaliweka kando jina hilo na kushika mtu. Ni mtu asiyeweza kunyang'anywa uhai, uhuru wala mali pasipo utaratibu wa sheria. Na ni mtu asiyenyimwa ulinzi wa sheria ulio sawa.

Badiliko hilo si pambo la maneno. Mwaka 1873, katika shauri la wachinjaji wa New Orleans, Mahakama ya Juu ilizibana haki za raia hata zikabaki jina tu. Lakini mwaka 1886 Yick Wo, mfua nguo wa San Francisco aliyekuwa mgeni kutoka China, alishinda shauri lake kwa sababu alikuwa mtu.

Msomaji wa Kiswahili hupata taabu hapa. Neno raia, lililotoka katika Kiarabu, asili yake ni kundi lichungwalo, na kwa hiyo watu walio chini ya mtawala. Mwananchi lakaribia zaidi wazo la kuzaliwa, ila lamwacha nje aliyehamia. Tena ule ulinzi ulio sawa aghalabu hufasiriwa kuwa usawa mbele ya sheria. Ufasiri huu ni mwepesi mno. Usawa mbele ya sheria wawapanga watu safu moja mbele ya hakimu. Ulinzi waitaka serikali iinuke kitini na kumwendea anayeonewa. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania ni makini zaidi, kwani imeutaja usawa na kulindwa pia. Tofauti hii si ndogo: mwaka 1896, katika shauri la Plessy, majaji waliona kuwa mabehewa yaliyotengwa kwa rangi huko Louisiana hayakuvunja Katiba maadamu yalikuwa sawa. Safu ilikuwa imenyooka, aliyelindwa hakuwapo. Katika shule, kosa hilo lilidumu hadi hukumu ya Brown ya mwaka 1954.

Jaji John Marshall Harlan peke yake alipinga hukumu ya Plessy, naye husifiwa kwa haki. Lakini wamsifuo wangefanya vema kuendelea kusoma, maana katika maandishi hayo hayo aliwatenga Wachina kwa maneno ya dharau. Na mwaka 1898 alikuwa upande wa walioshindwa katika shauri la Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco na wazazi Wachina, na ambaye Mahakama ilimkubali kuwa raia.

Katika shauri hilo Jaji Horace Gray aliyafafanua maneno "chini ya mamlaka" kwa kutaja wanaoachwa: watoto wa mabalozi, watoto wa adui aliyeishika nchi kwa vita, na watu wa makabila ya Wahindi Wekundu, ambao walipewa uraia wote kwa sheria ya mwaka 1924. Amri ya Rais Donald Trump ya Januari 20, 2025, ilitaka kuwaongeza watoto ambao mama yao yuko nchini bila kibali au kwa muda tu, na baba yao si raia wala mkazi wa kudumu. Usomaji huo walipa neno mamlaka maana ya utii wa moyo, ambayo sentensi haina. Mgeni awezaye kushtakiwa, kufungwa na kutozwa kodi na nchi, yu chini ya mamlaka yake, na mtoto wake kadhalika.