Mto Songwe katikati ya vitabu viwili

Sisi wa Katumba Songwe tukiwa na msiba ng'ambo hatusemi tunakwenda Malawi. Tunasema tunavuka, basi. Ndiyo maana nilipomaliza kusoma Good Company ya Monica Wilson (1951) nilifurahi kwanza, halafu nikaudhika.

Furaha ina sababu. Monica na mumewe Godfrey walikaa na Wanyakyusa miaka ya 1930, na kitabu kimejaa watu walio hai. Wavulana wa miaka kama kumi wanatoka kwa wazazi, wanajijengea vibanda vyao pembeni, wanazunguka kundi zima kula leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kijiji cha rika moja kinazeeka pamoja nao. Jina la kitabu limetoka kwenye neno letu ukwangala: kukaa na wenzako, kupiga soga, kula na kunywa pamoja. Hapo mama huyu kapatia kweli.

Sasa kero. Mwaka 1890 Mwingereza na Mjerumani waligawana nchi, Songwe ukawa mpaka. Godfrey akawaandika Wangonde wa Karonga katika The Constitution of Ngonde (1939), mkewe akawaandika Wanyakyusa. Najua mtasema tofauti ilikuwepo: wenzetu walikuwa na Kyungu mmoja juu ya wote, huku kila malafyale ana nchi yake. Sawa. Lakini lugha zinasikilizana na masimulizi ya asili yanakutana. Msomaji akishika kitabu kimoja tu, atadhani ng'ambo ni kwa wageni.

Monica mwenyewe alirudi kulirekebisha. For Men and Elders (1977) inawataja kwa pamoja, Wanyakyusa-Wangonde, tena jina lake refu linaweka wazi kwamba inahusu pia uhusiano wa wanaume na wanawake. Kwangu mimi, kile kistari kidogo kati ya majina mawili kina uzito kuliko sura nzima.

Na hilo la wanawake lisipite hivi hivi. Siku moja nilimsomea bibi, kwa kumtafsiria, ile habari ya wavulana wanaozunguka kula. Alicheka, akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Kisha akauliza, "Na aliyepika, naye alikuwa anakwangala na nani?"

Nilikosa jibu. Kijiji cha rika kilikuwa cha wanaume. Binti aliolewa mdogo, akaenda kwa mume, akaacha wenzake. Bibi mwenyewe aliletwa kuolewa kutoka ng'ambo.

Kwa hiyo ushauri wangu: ukisoma cha 1951, usikirudishe kabatini kabla ya kusoma cha 1977. Cha kwanza kitakufanya uyatamani maisha yale. Cha pili kitakukumbusha kuuliza nani alikuwa jikoni, na alivuka mto gani kufika hapo.