Shule na Hofu katika Hadithi ya Njoroge

Hadithi ya Ngũgĩ wa Thiong'o iitwayo Weep Not, Child, iliyopigwa chapa mwaka 1964, yasomwa na wengi kama habari za vita vya Mau Mau. Usomaji huo si wa makosa, ila wakifinya kitabu. Vita hupita pembeni; yaonekanayo waziwazi ni karo, mitihani, na kijana Njoroge adhaniaye kwamba elimu ndiyo itakayoirudishia jamaa yake ardhi.

Imani hiyo amerithishwa. Mama yake, Nyokabi, ndiye amwulizaye kama ataka kusoma. Nduguye Kamau atumwa kujifunza useremala. Baba yake, Ngotho, ni kibarua wa mlowezi Howlands katika shamba lililokuwa la wazee wake. Mtoto mmoja, basi, amebeba deni la nyumba nzima kabla hajajua kuandika jina lake.

Njoroge hulaumiwa kuwa ni mlegevu: hatendi, hutendewa. Lawama hii ina haki kiasi. Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Katika hadithi barua ya vitisho yafika shuleni, naye hana uamuzi wake mwenyewe, mpaka Kamau amwambie kwamba hata nyumbani hakuna usalama zaidi. Lakini ulegevu huo ni mazao ya masomo yenyewe, yaliyomfunza kuingojea kesho.

Sehemu ya Siriana, shule ya sekondari, ni fupi mno, na pengine ndiyo bora kupita zote. Siku ya mchezo wa mpira Njoroge akutana na Stephen, mwana wa Howlands, nao waambiana jinsi kila mmoja alivyokuwa akimwogopa mwenziwe utotoni. Mazungumzo ya kurasa chache tu, bila hotuba. Baadaye polisi wamtoa shuleni, akateswa kituoni na Howlands huyo huyo, sasa akiwa Bwana Shauri wa mahali pale.

Kuanzia hapo mambo yarundikana: vifo, vifungo, kisasi cha Boro. Mwandishi aenda mbio, na si kwa kutoijua hali. Yeye mwenyewe aliingia Alliance High School mwaka 1955, na katika kumbukumbu zake za mwaka 2012 aeleza alivyorudi likizoni akakuta kijiji chao kimebomolewa. Aliyeyaona hayo angeweza kukaa nayo zaidi.

Apunjwaye kuliko wote ni Mwihaki, binti Jacobo. Baba yake ameuawa, na aliyemwua ni Boro, ndugu wa Njoroge. Hata hivyo, Njoroge amwombapo watorokee Uganda, yeye ndiye akataaye, kwa kuwa wana wajibu kwa watu wao. Katika hadithi ya kijana anayekua, aliyekua kweli ni msichana huyu, naye hakupewa hata sura moja ya peke yake. Njoroge abakia na kamba mkononi gizani, mpaka mama yake aje akimwita kwa jina, naye arudi nyumbani kuwafungulia mlango mama zake wawili.