Fundi wa kabureta za Mini
Mini ya 1959, yenye injini ya sentimita 848 za ujazo, ilitoka kiwandani Uingereza na kabureta moja ya aina ya SU. Mwenye kuifufua leo hutamani mbili, kama za Mini Cooper ya 1961. Fundi hambishii, ila kwanza hutikisa ekseli ya kipepeo, vali ya hewa ya kabureta. Ikicheza, hewa inapenya kwa wizi, na hakuna marekebisho yatakayoshika. Kisha huchagua sindano. Tofauti ya unene wake jicho haliioni, ila ndiyo inayopima petroli pistoni ya kabureta inapopanda. Huendesha, huzima injini ghafla, huchomoa plagi: ikiwa nyeusi, petroli imezidi; ikiwa nyeupe, imepungua. Anaanza upya. Mara nyingi humshauri mteja abaki na moja, na kujikosesha kazi. Kwenye ankara huandika vipuri tu. Jioni nzima ya kubadili sindano haimo.